Likizo Kakamega: Msitu wa kutembea kwa miguu na ngoma inayotafuta warithi

LIKIZO ya shule ikikaribia, mazungumzo katika nyumba nyingi za mijini huwa yale yale. Mombasa ni ghali, mbuga ya wanyama inahitaji gari la kukodi, na ushago watoto wanalalamika kwamba hakuna la kufanya. Mwishowe wanabaki nyumbani na runinga, simu na ugomvi wa chaja.

Kwa familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Mombasa zenye asili ya Magharibi, Kaunti ya Kakamega ndiyo ushago wenyewe. Hata hivyo, watoto wao huifahamu kwa njia moja tu: matanga. Wanafika Ijumaa usiku wakiwa wamelala kwenye kiti cha nyuma, Jumamosi ni mazishi, na Jumapili alfajiri ni safari ya kurudi. Mtoto anafikisha miaka 12 akiwa amepita karibu na msitu wa Kakamega mara nyingi bila kuingia ndani hata siku moja.

Kwa familia isiyo na jamaa huko, kaunti hiyo ina faida ambayo sehemu nyingi za utalii hazina. Mambo yake mengi yanaonekana kwa miguu, na wanaoyaeleza ni wenyeji waliokulia hapo.

Ipo pia sababu ya kutoahirisha safari hiyo hadi mwaka ujao. Mwaka wa 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiweka ngoma ya isukuti ya jamii za Isukha na Idakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ilielezwa kuwa wengi wa wanaoijua ngoma hiyo ni wazee, na hawana wa kuwarithi. Mtoto anayekwenda Kakamega leo bado anaweza kuisikia kutoka kwa watu waliofunzwa na baba na babu zao. Haijulikani kama mtoto wake naye atapata nafasi hiyo.

Msitu usiohitaji gari

Msitu wa Kakamega ni masalia ya mashariki kabisa ya msitu wa mvua ambao zamani ulienea kutoka Afrika ya Kati. Kenya haina msitu mwingine wa aina hiyo wenye ukubwa kama huo. Ulitengwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka wa 1933. Sehemu ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya kitaifa mwaka wa 1985 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Sehemu ya kusini, Isecheno, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Familia yenye muda mfupi ichague upande mmoja. Buyangu ina kilima chenye mandhari ya msitu wote na njia ya kuelekea maporomoko ya mto Isiukhu. Isecheno ina miti mikubwa ya zamani karibu na lango, jambo linalowafaa watoto wasioweza kutembea mbali.

Msituni humu hakuna simba wala tembo. Ndiyo maana mtoto anaruhusiwa kushuka, kugusa gome la mti, kuinama na kumtazama siafu akipita. Kwa mtoto aliyezoea kuonyeshwa wanyama kupitia dirisha la gari, hiyo ni tofauti kubwa.

Mnyama ambaye watoto humpenda haraka ni mbega, yule kima wa rangi nyeusi na nyeupe mwenye mkia mrefu wa manyoya. Mwongozaji atawaeleza kwamba mtoto wa mbega huzaliwa akiwa mweupe kabisa, na kwamba mbega hana kidole gumba. Wapo pia kima wenye mkia mwekundu, ambao puani wana doa jeupe lenye umbo la moyo. Juu zaidi hupita hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa ambaye mabawa yake husikika kabla hajaonekana. Msitu huo una zaidi ya aina 300 za ndege na mamia ya aina za vipepeo.

Kisha kuna miti. Upo mti wa jamii ya mugumo ambao huanza maisha kama mbegu iliyoangushwa na ndege kwenye tawi la mti mwingine. Mizizi yake hushuka polepole hadi ardhini, ikauzunguka mti uliompa makao na hatimaye kuunyonga. Mti wa ndani ukishaoza, hubaki uwazi katikati kama bomba la moshi. Mtoto akiingiza kichwa humo na kutazama juu, somo la sayansi la muhula mzima linaeleweka kwa dakika moja.

Mwendo uwe wa mtoto. Wa miaka mitano au sita atatosheka na saa moja hivi kwenye njia tambarare. Wa miaka kumi anaweza kupanda kilima na kurudi bila kubebwa. Wakubwa zaidi wanaweza kuomba matembezi ya usiku wakiwa na mwongozaji, ambapo tochi huangaza macho ya potto, mnyama mdogo anayetambaa polepole kwenye matawi na ambaye haonekani mchana.

Wakati bora ni asubuhi mapema, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, ndege wanapolia na mbega wanapoota jua. Mchana mvua hunyesha mara nyingi, hata siku iliyoanza kwa jua kali.

Duka la dawa lenye mizizi

Wazazi wengi wanaujua mukombero, ule mzizi unaouzwa barabarani na kutafunwa na wanaume huku wakicheka. Kakamega ni mahali pazuri pa kumweleza mtoto unakotoka. Mzizi huo hukua msituni, na kwa sababu soko lake ni kubwa umechimbwa mno hadi kuwa adimu katika sehemu ambazo zamani ulijaa.

Mfano mwingine ni mti ambao wenyeji huuita mwiritsa. Gome lake hutengenezewa dawa ya ugonjwa wa tezi dume inayouzwa Ulaya. Mti ukibanduliwa gome pande zote hukauka. Tangu mwaka wa 1995, biashara ya kimataifa ya gome hilo inadhibitiwa na mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini. Mtoto akiuona mti wenye makovu ataelewa maana ya kutumia kitu mpaka kinaisha bila kuhubiriwa.

Ataelewa pia kwamba kuni, makaa na malisho ya ng'ombe si dhambi za watu wabaya. Kando ya msitu huo wanaishi watu wengi kwenye mashamba madogo, na mama anayebeba mzigo wa kuni kichwani anapika chakula cha jioni kama mama mwingine yeyote.

Baadhi yao wametafuta njia nyingine. Kikundi cha wakulima wahifadhi cha Muliru hupanda mashambani mmea wenye harufu kali ya kafuri, ambao mafuta yake hutengenezewa dawa ya kupaka ya Naturub, inayotumiwa kwa mafua, maumivu na kuumwa na wadudu. Kazi hiyo iliwapa tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka wa 2010. Mmea ambao zamani ulitafutwa msituni sasa unalipa karo ukiwa shambani. Kwa mtoto anayeuliza msitu una faida gani, hilo ni jibu analoweza kulinusa.

Kilima cha dhahabu

Upande wa Isecheno, familia nyingi hupanda kilima cha Lirhanda kutazama jua likichomoza juu ya msitu. Kilimani humo kuna handaki la zamani lililochimbwa na watafutaji dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo. Wenye watoto wadogo watosheke na kuchungulia kutoka nje. Ndani ni giza, paa ni la chini, na kinyesi cha popo kinaweza kubeba viini vya maradhi.

Handaki hilo lina historia ambayo haipewi nafasi kubwa vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu ilipatikana Kakamega, na wazungu wakamiminika, baadhi wakiwa walowezi waliofilisika baada ya bei za mazao kuanguka. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ndio uliojulikana zaidi.

Mwaka wa 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika, ikiahidi kwamba kipande kikichukuliwa, wenyeji wangepewa kingine badala yake. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ilibadilishwa haraka mwaka wa 1932 ili ardhi ya migodi ichukuliwe bila kutoa nyingine. Ahadi ilidumu miaka miwili tu.

Mtoto wa darasa la sita anaweza kuielewa hadithi hiyo vizuri akiwa juu ya kilima chenyewe. Anaweza hata kuuliza maswali ambayo mzazi hana jibu lake, kwa mfano waliohamishwa walikwenda wapi.

Uchimbaji haujaisha. Hadi leo wakazi wa maeneo kama Ikolomani huchimba dhahabu kwa mikono. Mashimo yao ni marefu, mengi hayana uzio na huporomoka. Hapo si mahali pa kupeleka watoto, hata kijana wa hapo akijitolea kuwaonyesha.

Jiwe linalolia na vyungu vya Ilesi

Kilomita chache kusini mwa mji wa Kakamega, kwenye barabara ya kuelekea Kisumu, kuna Jiwe Linalolia la Ilesi. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Ni mwamba wa takriban mita 40 wenye jiwe kubwa juu yake, mfano wa kichwa kilichokaa shingoni, na maji hutiririka kutoka juu kama machozi.

Moja ya hadithi zake husema alikuwa msichana aliyempenda mwanamume ambaye baba yake hakumtaka. Akalia hadi akageuka jiwe, na tangu hapo hajanyamaza. Maelezo ya kawaida ya kisayansi ni kwamba maji ya mvua hukusanyika kwenye shimo lililo juu ya mwamba, kisha huteremka kidogo kidogo.

Watoto wasikie yote mawili, ila hadithi itangulie. Ikiwezekana isimuliwe na mzee wa Ilesi, kwa sababu kila msimulizi ana msichana wake na baba wake.

Ilesi pia ni kijiji cha wafinyanzi. Kando ya barabara vyungu vya kila ukubwa hupangwa, kuanzia vya maua hadi vya kupikia mboga. Wengi wa wanaovifinyanga ni wanawake, na wengi walijifunza kwa mama zao. Mzazi akiomba kwa heshima na kulipa kidogo, mtoto anaweza kupewa donge la udongo ajaribu. Chungu chake cha kwanza kitapasuka au kuinama upande mmoja. Atajifunza kwamba kile kilichonyooka barabarani, ambacho watu hukipigania bei, kimechukua miaka ya mazoezi.

Isukuti: ngoma tatu, vizazi vitatu

Mtoto wa mjini huenda tayari ameisikia isukuti bila kujua. Mashabiki wa AFC Leopards huipiga uwanjani, na haikosekani katika tamasha za muziki za shule. Lakini kuisikia kwa mbali na kusimama hatua tatu kutoka kwayo ni mambo mawili tofauti. Ngoma kubwa husikika kifuani kabla ya kufika sikioni.

Isukuti ni jina la ngoma zenyewe. Hupigwa tatu kwa pamoja: kubwa, ya wastani na ndogo, ambazo wenyeji huzilinganisha na baba, mama na mtoto. Ala hizo huchongwa kutoka kwa gogo la mti na kuwambwa ngozi ya kenge. Huandamana na pembe ya swara na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, wengine huitikia, huku wanaume na wanawake wakicheza katika safu zao.

Si ngoma ya jukwaani tu. Kwa Waisukha na Waidakho, isukuti hupigwa mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, watu wakioana, na mzee akizikwa. Wimbo humsifu anayestahili na humsuta anayestahili. Anayeongoza lazima ajue historia ya ukoo ulio mbele yake, aijue lugha kwa undani, na aweze kutunga papo hapo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kupiga ngoma kunaweza kufundishwa shuleni kwa majuma machache. Kujua nini cha kuimba katika matanga ya mtu fulani kunahitaji kukaa na wazee miaka mingi, na kukaa huko ndiko kunakopungua. UNESCO ilitaja pia uhaba wa pesa na vifaa vya kutengenezea ala, watunzi kukimbilia muziki unaouzika zaidi, na watu kukodi burudani za kisasa badala ya isukuti.

Familia haiwezi kuyatatua yote hayo kwa safari moja. Inaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, ilipe vizuri kikundi kinachowatumbuiza, bei ikubaliwe mapema, bila kuwahesabia wazee senti kama bei ya nyanya. Pili, iombe watoto wafundishwe mdundo wa ngoma ndogo, hata kwa nusu saa. Tatu, iulize maana ya maneno. Kikundi kikiulizwa maana, mara nyingi mzee huacha kupiga na kuanza kusimulia, na hapo ndipo ngoma inapofunguka.

Kabla ya kupiga picha ni adabu kuomba ruhusa. Watoto wafundishwe kwamba wanaocheza hawako hapo kama mapambo ya simu.

Vita vya fahali: kwenda au kutokwenda?

Jumamosi asubuhi katika maeneo ya Shinyalu, Ikolomani na Khayega, huenda familia ikakuta umati ukishangilia mapigano ya mafahali. Fahali wawili hupambana kwa pembe hadi mmoja akimbie. Hakuna mtu anayepigana nao kwa upanga kama ilivyo Uhispania, na fahali aliyeshindwa hurudi nyumbani. Fahali bingwa huwa na jina, sifa na nyimbo zake, na husindikizwa uwanjani kwa isukuti.

Wazazi hugawanyika kuhusu jambo hili. Wapo wanaoona ni urithi ambao mtoto anapaswa kuuona. Wapo wanaoona ni mateso kwa wanyama. Ni mjadala ambao kijana wa miaka 13 au 14 anaweza kushirikishwa kabla ya safari na kuachiwa atoe maoni yake.

Kuhusu usalama hakuna mjadala. Fahali aliyeshindwa hukimbia popote, na umati hukimbia mbele yake. Mtoto mdogo hapaswi kuwa katikati ya watu hao. Wanaotaka kutazama wasimame mbali, mahali pa juu, na wakubaliane mapema watakimbilia wapi.

Mumias, ikulu na msafara

Magharibi mwa kaunti, katika nchi ya mashamba ya miwa, kuna historia ya aina nyingine. Ufalme wa Wanga ulikuwa na watawala walioitwa Nabongo. Aliyejulikana zaidi ni Nabongo Mumia, aliyeanza kutawala miaka ya 1880 na kufariki mwaka wa 1949. Mji wa Mumias umepewa jina lake.

Watoto wanaojifunza Kiswahili shuleni watafurahia kujua kwamba lugha hiyo ilifika Mumias muda mrefu kabla ya redio na vitabu vya kiada. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilipumzika hapo ikielekea Uganda. Baadhi ya wafanyabiashara walikaa, wakaoa, na Uislamu ukaota mizizi. Mvumbuzi Joseph Thomson alifika mwaka wa 1883, na Waingereza wakapafanya makao yao ya utawala hadi walipohamia Kakamega mwaka wa 1920.

Mumia aliwapokea Waingereza, akawapa askari, nao mwaka wa 1909 wakamtambua kuwa chifu mkuu. Jamii jirani zilizotawaliwa kupitia watu wake hazikusahau. Kwa hiyo hadithi ya Nabongo hutofautiana kulingana na nyumba inakosimuliwa. Mzazi mwenye vijana anaweza kuanzia Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, Matungu, kisha awaulize jamaa wasio Wawanga wao waliambiwa nini.

Meza ya kukhu

Urithi mwingine hauhitaji tiketi. Familia yenye bibi au babu Kakamega iwatengee watoto angalau siku mbili nzima bila shughuli nyingine. Kukhu akichuma mrenda, mtoto achume naye. Kuku akichinjwa kwa ajili ya wageni, ajue kwa nini kipande fulani hupewa mtu fulani. Ajaribu mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe. Kumbikumbi wakiwa msimu wao, aonje kabla ya kukunja uso.

Kizuizi kikubwa kwa wengi huwa lugha. Mtoto anaongea Kiswahili na Kiingereza, kukhu anaongea Luisukha au Luwanga na Kiswahili kidogo, na mzazi aliye katikati amechoka kutafsiri. Maneno kumi yaliyofunzwa nyumbani kabla ya safari husaidia sana. "Mulembe" liwe la kwanza. Ni salamu inayoeleweka kwa Waluhya wote, na maana yake ni amani. Mtoto anayesalimu hivyo na kutoa mkono kwa heshima hufunguliwa milango ambayo pesa haifungui.

Familia isiyo na jamaa huko inaweza kulala kwa siku moja au mbili kwenye nyumba za wenyeji wanaopokea wageni, ambazo waongozaji wa msitu huzifahamu. Kikundi cha elimu ya mazingira cha KEEP, kilichoanzishwa na vijana wa Isecheno miaka ya 1990, kimekuwa kikiwafundisha watoto wa shule za huko kuhusu msitu wao.

Kabla ya kufunga mizigo

Usafiri: Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 400. Kwa gari la kibinafsi ni siku nzima ukihesabu vituo vya watoto, hivyo matembezi ya msituni yaanze siku inayofuata. Wanaosafiri kwa ndege au treni hadi Kisumu hubakiwa na takriban kilomita 50, na barabara hiyo huvuka ikweta.

Msimu: Mvua ni nyingi mwaka mzima, hasa Aprili na Mei. Desemba hadi Februari ndicho kipindi chenye mvua kidogo, na likizo ya Desemba huangukia humo. Likizo ya Agosti pia inafaa kwa walio na koti la mvua.

Malaria: Hili lisichukuliwe kwa mzaha. Kakamega ni eneo la malaria, na mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya mwenzake wa kijijini. Daktari aulizwe kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Neti itumike kila usiku, na dawa ya kufukuza mbu ipakwe jioni. Mtoto akipata homa ndani ya majuma machache baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo na daktari aambiwe alikotoka.

Mavazi: Suruali ndefu, soksi ndefu za kuingiza suruali ndani kwa sababu ya siafu, na viatu vilivyofunika mguu au gambuti. Msituni kuna nyoka, hivyo hakuna kutembea kwa ndara wala kuingiza mkono kwenye mashimo.

Ada: KWS haipokei pesa taslimu langoni, na malipo hufanywa kupitia eCitizen. Viwango vya raia, wakazi na wageni hutofautiana, kwa hiyo kitambulisho na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto vibebwe. Kwa wenye bajeti ndogo, Buyangu ina vibanda vya kulala na uwanja wa kambi. Gharama ya mwongozaji hulipwa kando, na ni pesa inayobaki kijijini.

Idadi ya mambo: Siku nne zinatosha msitu, Ilesi, isukuti na Mumias. Familia yenye siku mbili ichague msitu na isukuti, mengine yasubiri. Watoto waliochoka huona mwamba na chungu kuwa kitu kimoja.

Simu: Inafaa kwa picha na kurekodi sauti. Mtoto mkubwa anaweza kupewa kazi ya kumrekodi kukhu au mzee wa ngoma akisimulia, kwa ruhusa, kisha faili hiyo ihifadhiwe mahali salama na nakala wapewe jamaa. Ni kazi ya dakika 20. Familia nyingi huikumbuka kazi hiyo Ijumaa usiku, gari likiwa njiani kuelekea matangani, na aliyepaswa kuulizwa ndiye anayekwenda kuzikwa.